Sabuni Inashuka, Sabuni Inapanda: Kabla Hujasema "Fungeni Mpaka"

Wadau, kuna kitu kila mtu wa Migori amewahi kukiona lakini ni wachache wamekaa chini wakakifikiria. Pale Isebania, lori la sabuni kutoka viwanda vya Kenya linasubiri kuvuka kuingia Sirari. Muda si mrefu, kutoka upande ule wa pili, pikapu inaingia Kenya ikiwa imebeba nini? Sabuni. Si moja tu. Biskuti zinashuka, biskuti zinapanda. Vyombo vya plastiki vinashuka, vyombo vya plastiki vinapanda.

Nilipoweka vidio fupi kuhusu hiyo maneno, majibu mengi yalikuwa ya aina moja: huu ni ujinga. Kwani wetu wasituuzie sisi, wao wajiuzie wao, mafuta ya lori yaokolewe? Wengine wakaenda mbele zaidi: fungeni mpaka, wafanyakazi wetu wapate kazi. Halafu mmoja akaandika jambo ambalo limenikaa kichwani: "Samaki wa China wametuua na nyinyi bado mnatetea mpaka wazi."

Maoni yangu ni kwamba watu hawa wanachanganya vitu viwili. Kuna biashara ya kubadilishana bidhaa za aina moja, na kuna biashara ya kumwagiwa bidhaa bila wewe kuuza chochote cha aina hiyo. Kwa macho zinafanana, maana zote ni malori na maboksi. Kwa mtu anayetafuta riziki, tofauti yake ni kubwa sana. Na kuna njia ya kuzipima.

Mimi ni mtu wa Homa Bay, lakini kazi ya kamera inaniweka Migori karibu nusu ya wiki. Niliingia chuo kusoma uchumi nikatoka mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa. Sina digrii na sijifanyi profesa. Ila kuna somo moja nilitoka nalo, na kila nikipita Isebania nalikumbuka.

Mwanzoni wanakufundisha David Ricardo. Mwaka 1817 aliandika mfano wa Ureno na Uingereza: huyu auze divai, yule auze vitambaa, wote wafaidike kwa sababu kila mmoja anashikilia kazi anayoiweza zaidi. Ni mfano mzuri. Ndio ule unaoeleza kwa nini Kenya inauza chai na kununua mafuta. Bidhaa tofauti, nchi tofauti.

Shida ilikuja Ulaya. Nchi sita zilitia saini Mkataba wa Roma mwaka 1957 na kuanza kuondoleana ushuru. Wengi walitarajia mambo ya Ricardo: kila nchi ibaki na sekta zake, zile nyingine zife. Mwaka 1966 mchumi anayeitwa Béla Balassa akaonyesha kwamba mambo hayakwenda hivyo. Nchi hizo zilikuwa zinauziana zaidi bidhaa za aina ile ile. Mfaransa ananunua gari la Mjerumani, Mjerumani ananunua la Mfaransa. Viwanda havikuhama nchi. Kila kimoja kilijichagulia aina yake ndani ya sekta hiyo hiyo.

Mwaka 1975 Herbert Grubel na Peter Lloyd wakatoa kitabu kizima kuhusu hiyo biashara ya ndani ya sekta moja, pamoja na kipimo ambacho unaweza kukifanya kwa kalkuleta ya simu. Tusikimbie, ni rahisi.

Chukua bidhaa moja. Andika thamani ya mlichouza na ya mlichonunua. Toa ndogo kwenye kubwa upate tofauti. Gawanya tofauti hiyo kwa jumla ya zote mbili. Jibu litoe kwenye 1. Basi.

Mfano wa kubuni tu: tuseme Kenya imeuzia Tanzania sabuni ya shilingi milioni 60 na kununua ya milioni 40. Tofauti ni 20, jumla ni 100, ukigawanya unapata 0.2. Toa kwenye 1, unabaki na 0.8. Kipimo kikikaribia 1, mnabadilishana. Kikiwa 0, mmoja anauza tu na mwingine ananunua tu.

Sasa turudi kwa yule wa samaki wa China, maana hapo ndipo mambo yanaanza kuwa matamu.

Kenya inanunua tilapia wa kugandishwa kutoka China. Hilo kila mtu anajua. Lakini Kenya pia inauza kitu cha samaki kule: mabondo, yaani kile kifuko cha hewa ndani ya mbuta. Soko la mabondo ni China na Hong Kong, na bei yake kwa kilo inaiacha nyama ya samaki mwenyewe mbali sana. Sasa mtu wa takwimu akiweka kila kitu kwenye kapu moja lililoandikwa "samaki", ataona tunauza na tunanunua, na kipimo kitapanda. Atakwambia: tulieni, hii ni biashara ya kubadilishana.

Ukifungua kapu unaona kingine kabisa. Kwenye orodha ya forodha inayotumika dunia nzima, tilapia mzima wa kugandishwa ana nambari yake, 0303.23. Mabondo yako 0305.72, pamoja na vichwa na mikia. Tena kuwe na mfano: mabondo ya milioni 50 yametoka, tilapia wa milioni 50 ameingia. Kapu moja linakupa kipimo cha 1, alama ya juu kabisa. Ukigawa makapu mawili, kila moja linakupa 0. Bidhaa ni zile zile na pesa ni zile zile. Kilichobadilika ni upana wa kapu.

Na mvuvi wa mbuta si mfugaji wa tilapia. Anayefaidi mabondo ni mwenye boti kubwa na mnunuzi anayesubiri ufukweni. Anayeumia na tilapia wa boksi ni mtu wa vizimba ziwani na mama anayekaanga ngege pale stendi. Kwa hiyo mtu akikwambia takwimu za samaki ziko sawa, muulize kwanza: kapu lako ni kubwa kiasi gani?

Upande wa Ulaya mambo ni kama hayo. Minofu ya mbuta inapanda ndege. Sisi tunabaki na mgongo wazi, ile mifupa yenye nyama kidogo, inayokaangwa na kuuzwa kwa wasio na pesa za samaki mzima. Halafu tunanunua tilapia wa boksi kujaza pengo. Kwenye kapu pana inaonekana tunauza samaki na tunanunua samaki. Nyumbani, ni samaki wawili tofauti kwenye sahani mbili tofauti.

Isebania ni hadithi nyingine, na hapo ndipo nataka tusimame kidogo. Kwa nini Kenya na Tanzania ziuziane vitu vya aina moja? Mimi naona sababu nne.

Ya kwanza ni msimu. Mama yangu anauza omena Homa Bay. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, uvuvi wa omena upande wa Kenya unafungwa ili samaki wazaane. Watu hawaachi kula miezi minne. Ndio maana wakati huo gunia linalofunguliwa sokoni mara nyingi limetoka Tanzania au Uganda. Kule Tanzania jina lake ni dagaa, Uganda ni mukene, akifika kwetu anakuwa omena. Samaki ni yule yule na ziwa ni lile lile. Nilimuuliza mama kama anaona vibaya kuuza omena ya wenyewe. Akanijibu, "Nyathina, gorogoro haina kitambulisho. Mteja anataka isiyo na mchanga."

Ya pili ni jiografia. Mpaka umepita katikati ya watu. Wakuria wako Kehancha na wako Tarime. Wajaluo wako Nyatike na wako Rorya. Mtu wa Sirari akikosa kitu, Migori iko karibu kuliko Mwanza. Mtu wa Isebania, Tarime iko karibu kuliko Kisumu. Nchi mbili kubwa zikipakana, kiwanda cha Nairobi kinaweza kuwa karibu na mji fulani wa Tanzania kuliko kiwanda cha Dar es Salaam, na kinyume chake. Hapo hakuna ujinga, ni nauli tu.

Ya tatu ni kuchagua. Hii ndiyo ya Paul Krugman, aliyeandika mwaka 1979 na kuja kupata Nobel ya uchumi mwaka 2008. Hoja yake kwa Kiswahili cha sokoni: watu hawapendi kitu kimoja, na kiwanda hakipendi kutengeneza vitu vingi. Kiwanda kikitengeneza aina moja kwa wingi, gharama ya kila kipande inashuka. Lakini soko la nyumbani peke yake halitoshi kumaliza wingi huo. Basi kila kiwanda kinashika aina yake, kinauza pande zote mbili za mpaka, na mteja anapata aina nyingi kwa bei nafuu. Nenda duka lolote Migori uangalie rafu ya sabuni. Huyu anataka ya povu jingi, yule anataka ya harufu, mwingine anataka ile bibi yake alikuwa anatumia.

Ya nne ni ubora. Si kila kubadilishana ni kwa watu wa ngazi moja. Wachumi wana njia ya kuangalia hilo: chukua bei ya kilo moja ya mnachouza na ya mnachonunua. Zikitofautiana chini ya asilimia 15 hivi, wanasema ubora unalingana, tofauti ni ladha tu. Zikiachana zaidi ya hapo, mmoja anauza ya juu na mwingine ya chini. Ni muhimu kujua, kwa sababu anayeuza ya chini kila siku ndiye mwenye mshahara mdogo kila siku. Kwa hiyo hata kipimo kikiwa 0.9 usipige makofi haraka. Uliza bei ya kilo.

Sasa kuna watu watasema: sawa, umetupigia hesabu, na sisi tufanye nini nayo? Hapa ndipo nilitaka kufika.

Kitu ambacho Balassa alikiona mapema, na ambacho wengi wanaoongea kuhusu mipaka hawakigusi, ni hiki: soko likifunguka, mtu anayepoteza anaenda wapi? Kama biashara ni ya ndani ya sekta moja, kuhama si mbali. Aliyekuwa anatengeneza sabuni ya kipande anahamia ya unga, pengine kiwanda hicho hicho. Mama yangu akiona omena ya hapa imepungua, ananunua ya Tanzania na anabaki kwenye meza yake na wateja wake. Maumivu yapo, lakini mlango wa pili uko karibu.

Kama biashara ni ya upande mmoja, hakuna mlango wa pili ndani ya nyumba hiyo. Binamu yangu alikuwa na vizimba vya tilapia upande wa Mbita. Bei ya samaki wa boksi ilimbana, chakula cha samaki kikapanda, akauza nyavu na ngoma za plastiki zilizokuwa zinaelea. Hakuweza kuhamia mabondo, maana hana boti wala mtaji wa mbuta. Siku hizi anaendesha boda Rodi Kopany. Sisemi boda ni kazi mbaya. Nasema alitoka kwenye sekta kabisa, na ule ujuzi wa miaka minne wa kulea vifaranga vya samaki umekaa bure.

Ndio maana naona ni kosa la kisiasa kuwatendea majirani wa Afrika Mashariki na muuzaji wa mbali kwa hasira moja. Mwishoni mwa 2018 serikali ya Kenya ilitangaza marufuku ya samaki wa China. Ile marufuku haikudumu. Hata ingedumu, marufuku peke yake haingempa binamu yangu chakula cha samaki cha bei nafuu wala barafu ya kuhifadhia mavuno. Swali la samaki wa China linahitaji jibu la mtaji na gharama.

Lakini tarehe 5 Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu ya ukungu, malori yalikwama mipakani na siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti. Na hapa niseme wazi ili nisieleweke vibaya: kwa mahindi, kipimo chetu na Tanzania kiko chini, maana sisi ni wanunuzi zaidi. Kipimo kidogo si dhambi. Ukiwa na njaa na jirani ana mahindi, nunua. Usalama wa chakula upimwe kabisa, hakuna mtu anataka sumu. Ila kupima gunia ni jambo moja na kufunga njia ni lingine.

Wanaosema tufunge waulize wazee wa Migori. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, ya 1967, ilivunjika 1977, na Tanzania ikafunga mpaka hadi 1983. Miaka sita. Familia zilikuwa pande mbili, ng'ombe wa mahari pande mbili, soko pande mbili. Biashara haikufa, ilihamia usiku. Aliyekuwa mfanyabiashara akaitwa mlanguzi. Jumuiya ya sasa ilitiwa saini 1999, umoja wa forodha ukaanza 2005, soko la pamoja 2010. Tumetoka mbali sana kurudi kule kwa sababu ya kelele za kampeni.

Na kuna jambo la mwisho ambalo kipimo chenyewe hakioni. Hesabu yote niliyotoa inatumia namba za forodha. Lakini wewe na mimi tunajua vitu vinapita wapi. Vinapita kwa boda kwenye vichochoro vya Isebania. Vinapita kwa boti Muhuru Bay. Vinapita kichwani. Uganda ofisi yao ya takwimu imekuwa ikiweka watu mipakani kuhesabu mizigo hii isiyo rasmi, beseni kwa beseni. Bila hesabu ya namna hiyo, gunia la omena la mama halipo. Likikosekana kwenye takwimu, likiharibiwa na sheria mpya hakuna atakayejua kuna kitu kimeharibika.

Njia ya kuingia kwenye hesabu ipo, na ni ajabu jinsi watu wachache wanavyoijua. Mzigo wa bidhaa za Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, unapata cheti rahisi cha asili pale pale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Si kila kodi inaondoka, lakini ule ushuru unaondoka. Nimeongea na akina mama wanaovuka miaka mingi kwa kuogopa dawati ambalo lingewapa karatasi hiyo. Wanamlipa mtu wa njia ya panya kuliko wangelipa kihalali.

Kwa hiyo mwanasiasa akipanda jukwaani Rongo au Oyugis akasema bidhaa za nje zinatuua, msimpigie makofi wala msimzomee. Mwulizeni mambo matatu. Bidhaa gani hasa, si "samaki", sema tilapia au mbuta au omena. Sisi tunawauzia nini cha aina hiyo hiyo, na kwa bei gani ya kilo. Na ukifunga, aliyekuwa anaishi kwa hiyo biashara ataenda kufanya nini Jumatatu asubuhi.

Akijibu la tatu vizuri, mimi mwenyewe nitampa kura.

Kama unafanya biashara ya kuvuka, iwe Isebania, Muhuru au hata Busia, niandikie unabeba nini kwenda na unarudi na nini. Nataka kuanza kuandika orodha yetu wenyewe, bidhaa moja moja, kuanzia na gorogoro ya omena.